Mto wa Juu ya Paa la Mzee Dhiru

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake picha ya maji yakizunguka ndani ya tabaini, rangi zimejaa, buluu, njano, nyekundu. "Bibi, hii nimeifanya huku nakula chipsi," akaniambia. Nikampa hongera. Kisha nikamwambia kwamba sisi wenzake tulikuwa tunaiacha kompyuta ikihesabu, tunaenda nyumbani, tunalala, tunarudi kazini, bado inahesabu, halafu umeme unakatika. Akadhani namtania. Ndiyo maana nimekaa kuwaandikia, nyie mnaosomea mambo haya leo na mna haraka zenu.

Tabaini, kwa asiyeijua, ni gurudumu lenye mapanga ya chuma pembeni. Maji yanateremka ndani ya bomba kutoka juu, yanayapiga yale mapanga, gurudumu linazunguka na kuzungusha jenereta, kijiji kinapata taa. Kazi yangu ilikuwa kubuni umbo la mapanga hayo na mdomo wa bomba unaoyarushia maji, nikitumia kompyuta kuona maji yatapitaje kabla hatujakata chuma. Kazi hiyo niliifanyia Kariakoo! Mto hakuna, mlima hakuna, na maji ya bomba yenyewe yalikuwa yanakuja yakijisikia. Kaka zangu wana maduka ya jumla mtaa wa pili, Wachaga hasa, kutwa wananicheka. "Aika, njoo uuze sabuni na sisi," walikuwa wananiambia. "Sabuni inaeleweka."

Mimi nilikuwa mchoraji wa mashine kwenye shirika moja la umma. Soko huria lilipokuja, tukaitwa ukumbini, tukapewa soda, tukashukuriwa sana, tukaambiwa tumepunguzwa kazini. Soda yenyewe ilikuwa ya moto. Nilitembea na michoro yangu kwapani mpaka nikafika kwenye karakana ya Mzee Dhiru. Huyu alikuwa Mhindu aliyezaliwa palepale Kariakoo, karakana yake iko chini ya ghorofa, na yeye na familia yake wanaishi juu kabisa. Aliitazama michoro yangu akiwa amesimama, akaiweka chini, akaniuliza swali moja tu. "Dada, wewe ukikosea unanuna?"

Nikamjibu sinuni. Akasema haya, kesho uje.

Sasa nisikilizeni, maana hapa pana somo. Siku zangu za mwanzo nilikuwa na maneno mengi ya vitabuni kuhusu maji. Mzee Dhiru akanipeleka kwenye bomba la uani, siku hiyo kwa bahati lilikuwa linatoa, akanipa kijiko cha chai. "Kishike mwishoni kabisa, kininginie. Sasa sogeza mgongo wake uguse maji." Nikategemea maji yatakisukuma kijiko nje. Wapi! Kikavutwa ndani, kikang'ang'ania maji. Nikakitoa, nikajaribu tena, kikavutwa tena. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Maji yanapenda kufuata mgongo wa kitu," akaniambia. "Ukimaliza kuchora panga, jiulize mgongo wake unayapeleka wapi. Watu wote wanatazama tumboni." Mpaka leo kijana akiniletea mchoro wa panga, naugeuza kwanza nione mgongo.

Kompyuta ililetwa na Kiran, mtoto wa kiume wa Mzee Dhiru. Yeye alikuwa mtu wa Dubai, anaenda na kurudi na makontena: redio, pasi, vyombo vya plastiki, na kompyuta zilizotumika. Moja ilibonyea kwenye meli, mteja hakupatikana, akaitupa karakanani. Programu ya kuhesabu mwendo wa maji tulipewa kwenye diski na mwalimu mmoja wa chuo, kijana mpole, akatuambia, "Mkifanikiwa mniambie, mimi kwangu inagoma." Mnaona tulivyoanza.

Jinsi inavyofanya kazi si ajabu. Unachora njia ya maji, halafu unaitandikia wavu, kama chandarua. Kwa kila tundu la wavu kompyuta inauliza: hapa yameingia maji kiasi gani, yametoka kiasi gani, yana kasi gani, yanaelekea wapi? Tundu moja linamjibu jirani yake, jirani anamjibu mwenzake, wanabishana hivyo mpaka wote wakubaliane. Pale maji yanapokata kona, kwenye mapanga, utandike matundu madogo madogo. Mbali huko yanapokwenda kwa utulivu, weka makubwa, usiichoshe mashine bure. Na kabla hujafurahia rangi, hakikisha maji yaliyoingia yote ndiyo yaliyotoka. Yasipolingana, funga, anza upya, usimwonyeshe mtu.

Jambo kubwa kuliko yote liko mipakani. Kompyuta haijui kilichopo nje ya mchoro wako. Wewe ndiye unayeiambia: huku maji yanaingia hivi, kule yanatoka hivi. Ukiidanganya pale itakuamini, itahesabu usiku kucha kwa uaminifu mkubwa, na kukupa jibu zuri la swali ambalo halipo. Hilo nitalirudia baadaye, maana lilitaka kutuua.

Kwanza niwachekeshe. Kwa Mzee Dhiru kila mashine mpya ilikuwa inaombewa. Inapasuliwa nazi, inawekewa maua kidogo, na mama mwenye nyumba anashuka kuitia alama nyekundu kwa kidole, kama ile anayoiweka kwenye paji la uso. Mashine ya kukereza chuma ilikuwa na alama, ya kutoboa inayo, hata mizani. Siku kompyuta ilipoombewa mimi sikuwepo, nilikuwa na mtoto hospitali.

Narudi, nawasha, naiachia hesabu yangu. Picha inatokea, na pale kwenye mgongo wa panga naona doa jekundu. Nyekundu kwenye zile picha maana yake maji yanakandamiza sana. Nikashtuka. Nikalikunjua panga kidogo, nikahesabu upya, doa lipo. Nikalikunja, doa lipo. Nikabadilisha wavu, nikabadilisha mdomo wa bomba, jamani, doa halitikisiki! Nikamwita Mzee Dhiru, tukaumiza vichwa, akaleta kijiko chake cha chai, tukalijadili lile doa kwa heshima zote. Mwishowe umeme ukakatika, kioo kikawa cheusi, na doa likabaki pale linatutazama. Mzee akalifuta kwa kidole gumba. Tulikaa chini kwenye sakafu kwa kicheko. Nyie mnaojifungia na kompyuta zenu, kabla ya kubadilisha mchoro, futeni kioo.

Na huo umeme, loo. Ilikuwa miaka ya mgao. Tunabuni mashine ya kuzalisha umeme, na umeme wa kuibunia hatuna. Nilijifunza kuhifadhi kazi kila mara, hata leo nikiandika barua kwenye simu nahifadhi kila baada ya sentensi, wajukuu wananicheka.

Haya, turudi kwenye lililotaka kutuua.

Karakana ilikuwa inakufa. Pampu tulizokuwa tunatengeneza wenyewe sasa zilikuwa zinauzwa mpya kabisa, zimefungwa kwenye maboksi, duka la mkabala. Wateja walikuwa wanakuja kwetu kuomba nati. Kiran hakuwa mtoto mbaya, ila alikuwa anaona kila mtu mtaani anabomoa kuta na kuweka frem za maduka, wapangaji wanagombania. Akawa kila siku anamwambia baba yake, "Baba, chuma kimekwisha. Tuweke frem. Hawa mafundi tutawapa chao." Mzee anaendelea kukereza. Sisi mafundi tunasikia, tunajifanya hatusikii. Wengine walikuwa wameingia pale wakiwa vijana na sasa wana mvi.

Tumaini letu likawa kazi moja. Alikuja mgeni kutoka milima ya kusini, Mzee Haule, ametumwa na kijiji chake. Walikuwa na mto unaoporomoka vizuri, na walitaka taa kwenye zahanati na nguvu ya kuendeshea mashine ya kusaga. Ametumwa achague: tabaini yetu, au jenereta ya dizeli ya dukani. Mtu makini huyo, anasikiliza huku ameinamisha kichwa. Nikamwonyesha picha za kompyuta, maji yanavyopita. Akazitazama sana, akasema, "Mama, hizi rangi ni nzuri. Lakini kijijini wataniuliza, uliiona ikizunguka?"

Tutaizungushia wapi, na sisi hatuna mto? Mzee Dhiru akanyoosha kidole juu. Kwenye paa kulikuwa na tangi kubwa la saruji, na pembeni yake tukaongeza matangi ya plastiki. Bomba likashushwa ukutani kutoka paani, ghorofa zote mpaka uani. Maporomoko ya Kariakoo! Chini tukafunga tabaini ndani ya boksi lake la chuma, juu ya mfereji wa uani, na jenereta ikaunganishwa na ubao wa balbu. Hesabu yangu ilisema balbu zote za ubao ule zitawaka vizuri. Kila mtu aliijua hesabu hiyo.

Siku moja kabla ya jaribio Kiran akasema mbele yetu sote kwamba wapangaji wake watakuja keshokutwa asubuhi kupima, wanataka jibu. Mzee Dhiru akazima mashine. "Ikishindwa mbele ya mgeni," akasema, "waje wapime, waweke frem zao, mimi nitapanda juu nikae na mama yako. Ikifanikiwa, nisilisikie tena hilo neno." Kisha akawasha mashine. Mimi nikaenda chooni nikaomba Mungu.

Siku ya jaribio maboza ya maji yakaja asubuhi, tukapandisha maji juu kwa pampu. Na mnajua Kariakoo, habari haina mguu lakini inafika. Mtaani bomba zilikuwa kavu kwa siku nyingi, na watu wamesikia Mzee Dhiru anamwaga maji kutoka paani. Mama Sada, jirani yetu muuza maandazi, akaja mapema na wenzake, ndoo vichwani. "Mzee Dhiru, haya maji yakishazungusha hicho kidude chako yanaenda wapi?" Mzee akamwambia yanaenda mferejini. "Mferejini! Astaghfirullah!" Mzee akacheka, akasema yakishatoka kwenye mashine ni yenu, chukueni. Wote tukaona ni jambo jema. Mama Sada na wenzake wakajipanga uani, wakapanga na vitu vyao, na mimi nikawaruka pale nikipita kwenda kuangalia waya, nawaamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu.

Nazi ikapasuliwa. Fundi wa paani akafungua koki. Bomba likanguruma, boksi likatetemeka, balbu zikaanza kuwa nyekundu, zikapanda, zikang'aa! Watu wakapiga vigelegele. Halafu, mbele ya macho yetu, zikaanza kufifia. Zikarudi njano, zikarudi nyekundu, zikabaki kama vijinga vya moto. Gurudumu linazunguka kwa kujikokota, linapiga plachu, plachu. Maji ya juu yakaisha. Uani zikabaki kusikika ndoo tu.

Mzee Haule akainamisha kichwa chake. Mzee Dhiru akakaa juu ya kreti ya soda, mikono katikati ya magoti, akasema kwa sauti ndogo, "Dada Aika, kompyuta imetudanganya." Nawaambia ukweli, nilitamani ardhi ipasuke. Si kwa ajili yangu. Yule mzee alikuwa ameizika miaka yake yote mle ndani, na aliniamini mimi.

Kiran akatoka nje bila kuaga. Nikajua anawafuata wapangaji wake.

Nikabaki nimechutama mbele ya lile boksi kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Ndipo nikaona boksi limelowa mpaka kiunoni. Mstari wa maji umekaa sawasawa pande zote, juu ya mapanga ya chini ya gurudumu. Nikajiuliza, maji yalipandaje mpaka hapa? Kwenye mchoro wangu, mpaka wa chini, niliiambia kompyuta: maji yanatoka kwa uhuru, yanaanguka, yanakwenda zake. Nikageuka kutazama mfereji. Pale mdomoni, vimepangwa vizuri kabisa, viroba vya mchanga.

"Mama Sada," nikauliza, "hivi viroba vimewekwa na nani?"

"Mimi," akajibu kwa fahari. "Bila hivyo tungechota nini? Yanakimbia kama yamefukuzwa. Lazima yasimame kwanza."

"Mama, maji yamesimama mpaka yamelizamisha gurudumu! Lilikuwa linaogelea!"

Akashika mdomo. "Ee Mola wangu. Mwanangu, wanasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini sisi huku tunayazoa, tufanyeje?"

Na hakuna aliyeshangaa kuviona. Mimi mwenyewe niliviruka. Mtu wa mlimani angeviona mara moja, lakini sisi wa Kariakoo kuona maji yamezibiwa njia yasipotee ni jambo la kawaida kama kuona mlango. Kompyuta haikudanganya hata chembe. Ilijibu kuhusu maji yanayoruhusiwa kuondoka.

Nikamkimbilia Mzee Dhiru, nikamvuta mkono, akaja, akainama, akavitazama vile viroba kwa muda mrefu. Uso wake ukafunguka. Kisha ukajifunga tena. "Matangi ni matupu," akasema. "Na maboza ya leo yameshauzwa yote. Mgeni anaondoka na basi alfajiri."

Tukiwa tumesimama hivyo, tukasikia honi getini, mfululizo, mtu amekasirika. Ni boza. Na mbele, pembeni ya dereva, amekaa Kiran, ametoa mkono dirishani anawafukuza watu wapishe. Akashuka, shati jeupe limelowa jasho. Hakumtazama baba yake usoni. "Nimewanyang'anya watu wa gesti," akasema. "Mwanzoni balbu ziliwaka, mimi niliziona. Kitu kinachowaka vile hakiwezi kufa hivihivi. Kuna kitu kimeziba." Nikamwonyesha viroba kwa kidole. Akavitazama, akamtazama Mama Sada, na akaanza kucheka, na baba yake naye akacheka, na kicheko chao, wallahi, kilikuwa kimoja.

Tukaviondoa. Lakini Mama Sada hakuondoka mikono mitupu. Tukapanga mapipa kule chini zaidi, mfereji unapoishia, ili maji yaanguke kwanza, yaliache gurudumu, ndipo yachotwe. Pampu ya boza ikapandisha maji mpaka paani, na Kiran akasema koki ataifungua yeye. Akapanda ngazi zote za ghorofa anakimbia.

Bomba likanguruma. Balbu zikawa nyekundu, zikawa njano, zikang'aa. Tukasubiri zife. Hazikufa. Jua lilikuwa limeshazama, karakana iko gizani kwa sababu ya mgao, mtaa mzima umezimika, na ubao wetu unawaka mpaka sura za watu zinaonekana mikunjo. Kutoka paani tukasikia mtu anapiga kelele, "Zinawaka? Jamani, niambieni, zinawaka?" Tukamjibu wote kwa pamoja, na akina Mama Sada wakapiga vigelegele na ndoo zao zimejaa.

Mzee Haule akamwendea Mzee Dhiru, akampa mkono. "Tutachukua yenu," akasema. "Nitawaambia nimeiona." Kisha akanigeukia mimi. "Lakini mama, na kwetu kina mama watataka kuchota. Hilo ulichore kabisa, mahali pa kuchotea, kule chini. Usiwaachie watafute wenyewe." Nikachora. Tangu siku ile hakuna tabaini iliyotoka kwenye mikono yangu bila sehemu ya kuchotea maji, chini ya gurudumu, mbali nalo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga hawakukosea. Nanyi chukueni hilo: kabla ya kuiambia kompyuta maji yanaenda wapi, nenda kwanza uwaulize watu wanaoyahitaji.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunashusha bamba la chuma la kukatia mapanga ya kwanza ya Mzee Haule. Zito, Mzee Dhiru ameshika upande mmoja na mimi na fundi upande mwingine, tunasogea hatua kwa hatua. Getini wakafika wale wapangaji, wamevaa vizuri, wana futi zao za kupimia. Kiran akatoka kuwalaki. Sote tukasimama na lile bamba mikononi. Tulimsikia akiwasalimia, akiwauliza habari za nyumbani, kama mfanyabiashara yeyote. Kisha akawaambia, "Wakubwa, samahani kwa kuwasumbua. Hapa hapapangishwi. Hapa pana kazi."

Nikamtazama Mzee Dhiru. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mikono yake yote miwili iko kwenye chuma, hawezi kujifuta. Hakuyaficha. Akavuta pumzi, akapaza sauti kuelekea getini.

"Kiran! Ukimaliza na wageni, njoo ushike huku, ni kizito hiki."

Kiran akaja na shati lake jeupe, akaingiza mabega chini ya chuma karibu na baba yake, na tukaliinua.